Mama wa Kuazima

Wife Swap ni kipindi cha televisheni kilichoanza kurushwa na Channel 4 ya Uingereza Januari 2003. Wanawake wawili wasiojuana hubadilishana nyumba kwa takriban wiki mbili: kila mmoja humwacha mume, watoto, mbwa na jiko lake, akahamia kwa mwenzake na kubeba shughuli zote za mwenye nyumba. Kitanda hakimo katika mabadilishano hayo. Mgeni hupewa chumba chake. Kampuni iliyokitengeneza ni RDF Media ya London, na aliyekibuni ni Stephen Lambert, mtayarishaji aliyekomaa kikazi BBC katika filamu za hali halisi. Mwaka 2004 kilitunukiwa tuzo ya BAFTA, na mwaka huohuo Marekani ilikuwa na vipindi viwili vya aina hiyo vikigombea watazamaji walewale, kimoja kikiwa na kibali cha mwenye wazo na kingine, kwa madai ya RDF, kikiwa cha wizi.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kabla ya kuondoka, kila mama huacha mwongozo wa nyumba yake: nani anaamka saa ngapi, nani anakula nini, nguo zinafuliwa siku gani, watoto wanalala lini, mume anafanya nini na nini hagusi. Wiki ya kwanza mgeni hulazimika kuufuata mwongozo huo kama ulivyo, hata ukimkera. Wiki ya pili meza hupinduka: sasa yeye ndiye mtunga sheria, na familia iliyompokea ndiyo inayopaswa kutii. Aliyekuta wanaume wasioshika sufuria huwapeleka jikoni. Aliyekuta watoto wanaoshinda kwenye michezo ya kompyuta huifungia kabatini. Mwishoni wanandoa wote wanne hukalishwa meza moja na kuambiana walichokiona, na mara nyingi ni hapo ndipo maneno makali hasa hutoka. Toleo la Marekani liliongeza kipande cha kufungia: kamera hurudi baada ya wiki kadhaa kutazama ni sheria ipi ya mgeni iliyobaki na ipi iliyotupwa mara tu alipotoka mlangoni.

Katika yote hayo, kitu chenye thamani kuliko vingine ni ule mwongozo. Kazi ya nyumbani haionekani kwa sababu hurudiwa kila siku na mtu yuleyule. Sahani zilizooshwa hazizungumzwi, zisizooshwa ndizo huzua maneno. Inapobidi kuandikwa kwa ajili ya mtu asiyejua hata taa inawashiwa wapi, ndipo urefu wake hujulikana. Kisha mgeni huitekeleza mbele ya kamera, huchoka, na huuliza kwa sauti kwa nini mwanamume mzima hajui soksi zake hukaa wapi. Na ndoa ya miaka mingi hukaguliwa kwa siku chache. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alishalieleza jambo hilo mwaka 1989 katika kitabu chake The Second Shift, akionyesha kwamba mwanamke anayetoka kazini jioni huingia zamu ya pili nyumbani kwake. Kitabu kilisomwa vyuoni. Wife Swap iliipeleka hoja hiyohiyo sebuleni, kwa watu ambao wasingekigusa kitabu hicho, na iliipeleka bila kuitaja.

Lakini ilikuwa na upofu wake. Kipindi kizima kimesimama juu ya dhana kwamba nyumba ni ya mama: yeye akiondoka, kila kitu huyumba, na huko kuyumba ndiko burudani. Mara chache waume ndio waliohamishwa. Katika nyumba nyingi zilizoonyeshwa, kama angeondolewa baba badala ya mama, chakula kingepikwa, watoto wangefika shule, na mpiga picha angekosa cha kupiga. Kwa hiyo kipindi kilikuwa kikiufichua mgawanyo mbaya wa kazi na papo hapo kikiutegemea kwa riziki yake.

Wazo la kuingiza kamera nyumbani kwa watu lilikuwa na miaka 30 tayari. Mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, ilirusha An American Family, vipindi 12 vilivyotengenezwa na Craig Gilbert kuhusu familia moja ya Santa Barbara, California. Ndoa ya wazazi ilivunjika mbele ya kamera. Mwanaanthropolojia Margaret Mead aliona kwamba limezaliwa jambo jipya lenye uzito wa uvumbuzi wa tamthilia au riwaya. Mwaka uliofuata BBC ilitoa The Family ya Paul Watson, iliyofuatilia maisha ya familia ya wafanyakazi wa kawaida katika mji wa Reading. Filamu hizo zilikuwa na subira ya mvuvi. Mtayarishaji alikaa miezi akingoja maisha yafanye jambo, na pengine yasifanye.

Mvuto wa subira hiyo uliisha mwishoni mwa miaka ya 1990. Big Brother, iliyobuniwa na John de Mol na kuanza Uholanzi mwaka 1999, ilionyesha kwamba hakuna haja ya kungoja: watu wakifungiwa pamoja chini ya masharti ya ajabu, jambo litatokea lenyewe. Watazamaji wa Afrika Mashariki waliijua aina hiyo kupitia Big Brother Africa ya M-Net, iliyoanza 2003, mwaka uleule wa Wife Swap. Lambert alikuwa amekaa katikati ya njia hizo mbili. Kipindi chake cha awali, Faking It cha mwaka 2000, kilimchukua mtu wa kazi moja na kumpa wiki nne ajifunze kazi nyingine kabisa, kisha aonwe kama wataalamu watamgundua. Muuza baga wa mtaani alifundishwa kuongoza jiko la mgahawa wa hadhi. Watu ni wa kweli, mahali ni pa kweli, ila hali waliyomo imetungwa. Wife Swap ni kanuni hiyohiyo iliyohamishiwa kwenye ndoa.

Hali ya kutungwa huanza kwa kuchagua nani akutane na nani. Kazi kubwa ya kipindi cha namna hii hufanyika kabla kamera haijawashwa, na hufanywa na watu ambao watazamaji hawawaoni: wasaka washiriki. Hawatafuti familia nzuri wala mbaya. Hutafuta familia mbili zitakazoshindwa kuelewana. Mama anayepiga deki mara mbili kwa siku hupelekwa kwa familia inayolala na kuku ndani. Walaji wa majani matupu hupangiwa wawindaji. Mkristo wa msimamo mkali hukutanishwa na asiye na dini, baba mwenye ratiba ya kijeshi na watoto wasiojua kengele ya shule. Familia mbili zenye mwelekeo wa kati, zinazoosha vyombo kwa zamu na kugombana kwa sauti ya chini, hazina nafasi humo kamwe, ingawa huenda ndizo nyingi nchini.

Uingereza, tofauti iliyolipa zaidi ilikuwa ya matabaka. Hakuna nchi inayosoma tabaka la mtu upesi kama ile: lafudhi, pazia, saa ya chakula cha jioni na kama kinaitwa chakula cha jioni au chai. Kipindi kilimpeleka mke wa nyumba yenye bustani na yaya katika nyumba ya serikali yenye vyumba viwili, kisha kikamwachia mtazamaji ahukumu. Mwaka 2003 familia moja yenye watoto 8, iliyoishi kwa ruzuku ya serikali, ilionyeshwa, na magazeti ya London yakakesha yakihesabu pauni inazopokea. Mjadala uliofuata haukuwa tena juu ya nani anaosha vyombo. Ulikuwa juu ya maskini na kama wanastahili. Hapo palikuwa na kasoro isiyotibika: mama tajiri alionekana mjinga wa mambo ya jikoni, jambo la kuchekesha, mama maskini alionekana mzigo kwa taifa. Aibu hizo mbili hazina uzito sawa, na kila mmoja alirudi kuishi na ya kwake.

Watu maarufu nao waliingizwa mapema. Oktoba 2003 Channel 4 ilimbadilisha Jade Goody, aliyepata umaarufu kupitia Big Brother, na Diana Ingram, mke wa Meja Charles Ingram ambaye mwaka huohuo alikuwa ametiwa hatiani kwa udanganyifu katika shindano la Who Wants to Be a Millionaire? Wachezaji wote walikuwa wameshazalishwa na televisheni. Kipindi kilichodai kuchungulia maisha ya kawaida kilihitaji miezi tu kuanza kula matunda ya vipindi vingine.

Baada ya upangaji huja uhariri. Siku kadhaa za kupiga picha katika nyumba mbili hutoa saa nyingi mno za kanda, na zote hukatwa kuwa kipindi kinachojaza saa moja pamoja na matangazo. Kinachobaki ni kile kinachosukuma hadithi. Sura ya mtu aliyekunja uso kwa sababu ya jua inaweza kuwekwa baada ya sentensi ya mgeni, na ikawa sura ya dharau. Jibu linaweza kutenganishwa na swali lake. Hakuna neno la uongo linalohitajika kutamkwa. Mpangilio wenyewe husema. Toleo la Uingereza lilikuwa na unyamavu kiasi, msimulizi akizungumza kwa kejeli ya upole. La Marekani liliongeza muziki wa kugutusha, vipande vifupi zaidi na milio ya katuni kila mtu alipopepesa macho, na likapoteza pumzi ile ambayo ilimwezesha mtazamaji kubadili mawazo juu ya mtu.

Kwamba uhariri unaweza kumponza hata mwenye kazi, Lambert mwenyewe alikuja kujua. Mwaka 2007 RDF ilikuwa ikiitengenezea BBC filamu kuhusu mwaka mmoja wa shughuli za Malkia Elizabeth II. Katika kanda fupi ya kuitangaza, iliyoonyeshwa kwa waandishi wa habari mwezi Julai, Malkia alionekana akikerwa na mpiga picha Annie Leibovitz aliyemwomba avue taji, kisha akaonekana akiondoka kwa hasira. Ukweli ni kwamba ile picha ya kutembea ilipigwa alipokuwa akiingia, si akitoka. Vipande viwili vilikuwa vimegeuzwa mfuatano. BBC ililazimika kumwomba Malkia radhi. Oktoba mwaka huo Peter Fincham, mkuu wa BBC One, alijiuzulu, na Lambert akaacha kazi RDF. Akina mama waliowahi kulalamika kwamba Wife Swap iliwageuza hawakuwahi kupata radhi ya namna hiyo. Hawakuwa na kasri.

Marekani iliingia kwa vurugu. Kituo cha ABC kilinunua haki za Wife Swap na kupanga kuanza Septemba 26, 2004. Lakini Julai 20, miezi miwili kabla, Fox ilirusha Trading Spouses: akina mama wawili, nyumba mbili, kupishana, mwisho. Watazamaji wengi wa Marekani waliiona nakala kabla ya kuiona asili, na ABC ikaonekana ndiyo inayoiga. Desemba 2004 RDF iliishtaki Fox katika mahakama ya shirikisho huko California.

Shida ya kesi kama hiyo ni ya zamani. Sheria ya hakimiliki hulinda namna wazo lilivyotolewa, hailindi wazo. Riwaya ina maneno yake, wimbo una sauti zake. Kipindi cha televisheni kisicho na maandishi ya mazungumzo kina nini? Mwaka 1989 Baraza la Faragha mjini London lilimkatalia Hughie Green, mtangazaji wa shindano la vipaji la Opportunity Knocks, alipolalamika kwamba shirika la utangazaji la New Zealand limechukua kipindi chake pamoja na jina. Mahakama iliona kwamba vitu alivyovitaja, jina, misemo michache na kifaa cha kupima makofi, havikuunda kazi moja yenye umbo la kulindwa. Hata hivyo biashara ya kuuziana miundo ya vipindi iliendelea kukua, na mwaka 2000 wafanyabiashara wake waliunda chama, FRAPA, cha kutetea haki zao. Anayelipa hanunui wazo tu. Hununua kitabu cha uzalishaji chenye kila hila iliyojifunzwa kwa makosa: jinsi ya kupata familia, siku ya kugombanisha, mahali pa kuweka kamera mezani. Mwizi hulazimika kuyavumbua upya, nayo ni gharama.

Fox, kusema haki, ilivumbua kitu kimoja. Katika Trading Spouses kila familia ilipewa dola 50,000, lakini uamuzi wa matumizi yake ulikuwa wa mama mgeni. Aliacha barua: kiasi hiki cha gari la baba, hiki cha masomo ya piano, hiki cha daktari wa meno. Familia iliifungua baada ya yeye kuondoka na kugundua amewaonaje. Ni wazo la kikatili na la busara kwa pamoja, maana fedha humlazimisha mgeni kusema kwa tarakimu kile ambacho adabu ingemzuia kukisema kwa mdomo. Mwaka 2005 mama mmoja wa Louisiana, Mkristo mwenye bidii, alirudi kutoka kwa familia yenye imani za nyota na mizimu ya asili akiwa amepandwa na ghadhabu. Alipiga kelele akimkemea kila mtu aliyegusana na giza, akaichana bahasha ya fedha. Kipande hicho kilisambaa kwenye intaneti wakati YouTube ikiwa ndiyo kwanza inazaliwa, na kimeendelea kuzunguka kwa miongo miwili, kikiwa kimekatwa, kimewekewa muziki na kugeuzwa utani na watu ambao hawajui kilitoka kipindi gani.

Kwingineko muundo ulienda mbio. Ujerumani ilikuwa na Frauentausch ya RTL II tangu Julai 2003, mapema kuliko Marekani, na ndiyo iliyodumu kupita zote, ikiwa na sifa ya kuwaonyesha watu wa hali ya chini bila huruma. Ufaransa, M6 ilirusha On a échangé nos mamans, ambako jiko lilitawala kama inavyotarajiwa. India ilipata Maa Exchange kwenye Sony mwaka 2011. Humo mama hakuingia tu katika nyumba ya mume na watoto. Mara nyingi alimkuta na mama mkwe wa mtu mwingine, na hakuna mwongozo unaotosha kumwandaa mke kwa hilo.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja pale kilichobadilishwa kilipokuwa si mama bali mtoto. Uholanzi ilikuwa na Puberruil, iliyobadilishana vijana wa umri wa kubalehe. BBC mwaka 2008 ilianza The World's Strictest Parents, iliyowatoa vijana wakaidi wa Uingereza na kuwapeleka kwa familia zenye nidhamu kali ng'ambo, Ghana ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Kidogo inachekesha kuona taifa lililotuma walimu na wamisionari kufundisha adabu Afrika Magharibi likirudi kuazima wazazi.

Kilichofika mbali kabisa ni kipindi cha Hunan, China, kilichoanza 2006 na kujulikana kwa Kiingereza kama X-Change. Kijana wa mjini, kwa kawaida mtoto wa wenye nacho aliyeasi wazazi, hupelekwa kijijini milimani kuchota maji na kulisha nguruwe. Mtoto wa kijiji hicho, au cha namna hiyo, hupelekwa mjini katika chumba chenye kiyoyozi. Mtoto wa mjini hulia, hutubu na kurudi akiwa amebadilika, au angalau akiwa ametubu mbele ya kamera. Wakosoaji nchini humo wamelalamika kwamba mtoto wa kijijini huwa chombo tu cha kumrekebisha mwenzake: huonjeshwa lifti, duka kubwa na viatu vipya, kisha hurudishwa alikotoka. Baadhi ya wakaidi wa mjini waligeuka watu maarufu na kupata kazi za burudani. Zawadi ilimwendea aliyefanya vibaya zaidi, na watayarishaji walilijua hilo msimu baada ya msimu.

Kuhamisha watoto na watu wazima kati ya kaya si jambo geni duniani. Afrika Mashariki mtoto kulelewa na bibi, shangazi au mjomba ni kawaida. Huenda kwa ajili ya shule, au kumsaidia mzee, au kwa sababu tu nyumba ile haina mtoto. Tofauti ni kwamba uhamisho huo hufungwa na undugu: aliyemlea mtoto ana haki ya kuulizwa siku ya posa, na mtoto ana wajibu wa kumzika. Familia za Wife Swap hazikuwa na lolote la kuziunganisha kabla, na baada ya meza ile ya mwisho hazikudaiana lolote. Wajibu wote uliobaki ulikuwa kwenye karatasi, baina ya familia na kampuni.

Karatasi hizo ni nene. Mshiriki wa kipindi cha uhalisia hutia saini kuikabidhi kampuni picha, sauti na hadithi yake, na kukubali kwamba anaweza kuonyeshwa kwa namna asiyoipenda. Mahakama zimeanza kuuliza kama saini hiyo hufunika kila kitu. Mwaka 2005 mwanamume wa Oklahoma alifungua madai ya zaidi ya dola milioni 10 baada ya Wife Swap ya ABC kumleta nyumbani kwake mwanamume shoga badala ya mke. Juni 2009 Mahakama ya Rufani ya juu ya Ufaransa iliamua kuhusu kipindi kingine, L'Île de la tentation, kwamba washiriki walikuwa wafanyakazi wenye haki ya mkataba wa ajira: waliamriwa waende wapi, waamke lini na wafanye nini, hivyo kuwaita wageni waliojiburudisha ni kiini macho. Na mwaka 2012 mahakama ya Berlin ilimpa haki mama aliyeshiriki Frauentausch, ikizuia kipindi chake kurushwa tena, kwa kuwa uhariri ulikuwa umemgeuza kichekesho kwa kiwango ambacho hakuwa amekiridhia aliposaini.

Athari nyingine hazipimiki mahakamani. Familia moja ya Fort Collins, Colorado, yenye baba mwenye shauku ya vimbunga na vyombo vya angani, ilionyeshwa katika Wife Swap Oktoba 2008. Ilipendwa kiasi kwamba ilirudishwa Machi 2009 katika kipindi cha 100. Baada ya hapo baba alihangaika kupata kipindi chake mwenyewe. Oktoba 15, 2009, familia iliripoti kwamba mtoto wao wa miaka 6 amepeperuka ndani ya puto la rangi ya fedha lenye umbo la kisahani. Helikopta zilirushwa, shughuli za uwanja wa ndege wa Denver zilitatizika, na dunia ikatazama moja kwa moja puto likishuka. Ndani hamkuwa na mtu. Mtoto alikuwa amejificha nyumbani, juu ya gereji, na jioni hiyo kwenye CNN akasema jambo lililoeleweka kuwa walifanya hivyo kwa ajili ya kipindi. Baba alihukumiwa siku 90 jela, mama siku 20, na wakaamriwa kulipa dola 36,000. Kwa miaka mingi wazazi wameendelea kusema hawakupanga udanganyifu. Desemba 2020 Gavana Jared Polis aliwasamehe wote wawili.

Ni kosa kusema televisheni ndiyo iliyolirusha puto lile. Lakini ilikuwa imemfundisha mtu kwamba kituko cha nyumbani kwake ni bidhaa, ikamwonyesha bei yake, kisha ikaondoka. Mara mbili.

Uangalizi umekuwa ukikaza polepole. Mei 2019 ITV ya Uingereza ilikifuta kipindi cha The Jeremy Kyle Show, kilichokuwa kikisuluhisha ugomvi wa familia mbele ya hadhira, baada ya mshiriki mmoja kufariki. Bunge lilichunguza, na kuanzia Aprili 2021 Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, iliwalazimu watangazaji kutunza ustawi wa washiriki watu wazima walio katika hatari ya kudhurika. Kanuni za kuwalinda watoto zilikuwapo kabla, ila zilitegemea sana ridhaa ya wazazi, ambao ndio waliokuwa wamejaza fomu ya kushiriki.

Wife Swap ya Uingereza iliisha 2009 na ya ABC mwaka uliofuata, kabla ya kufufuliwa kwa muda mfupi 2013. Toleo la watu maarufu la ABC, lililoanza 2012 kwa vipindi kama kile kilichomkutanisha mwigizaji Gary Busey na mhubiri Ted Haggard, lilidumu hadi 2015, na Paramount Network ilijaribu kuirudisha asili 2019. Haikuvuma. Lambert alianzisha kampuni yake, Studio Lambert, iliyoleta Undercover Boss, Gogglebox na baadaye toleo la Uingereza la The Traitors. Gogglebox, iliyoanza 2013, inarudi nyumbani kwa watu, lakini huwaacha wakae kwenye makochi yao wakitazama televisheni na kuzungumza, bila mgeni yeyote kuingizwa.

Kazi ya kuonyesha nyumba imehamia kwa wenye nyumba. Wazazi sasa hujipiga picha wenyewe, huhariri wenyewe na kupakia kila siku, bila msaka washiriki wala mkataba na kituo. Jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza Marekani kulitungia sheria jambo hilo: tangu Julai 1, 2024, mzazi anayepata fedha kwa video zinazomwonyesha mtoto wake anapaswa kumtengea sehemu ya mapato, na mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kumshtaki asipotengewa. Waliokuwa watoto katika vipindi vya 2004 walikuwa wameshavuka umri huo, na sheria hairudi nyuma.